Moto wa Niihama na Bei ya RAM

Tarehe 4 Julai 1993 mlipuko ulitokea katika kiwanda cha Sumitomo Chemical mjini Niihama, kwenye kisiwa cha Shikoku, Japani. Machoni pa mtu wa kawaida kiwanda hicho hakikuwa na uhusiano wowote na kompyuta. Kilitengeneza resini ya epoksi, malighafi ya lile ganda gumu jeusi linalofunika chipu. Lakini karibu asilimia 60 ya resini ya aina hiyo iliyotumika duniani ilitoka hapo, na habari zilipovuka bahari, wauzaji wa Marekani wa RAM, yaani chipu za kumbukumbu ya kompyuta, hawakungoja kuuliza maghala yana akiba kiasi gani. Walipandisha bei. Katika wiki chache bei ya mitaani ilikaribia kuwa maradufu, ingawa uhaba wenyewe haukuja kuwa mkubwa kama ulivyohofiwa.

Desemba 10 ya mwaka huohuo, kampuni ya id Software kutoka Texas ikatoa mchezo wa Doom. Ulitaka prosesa ya 386 au bora zaidi, na RAM ya megabaiti 4. Kijana aliyekuwa na kompyuta ya megabaiti 2 hakuwa na ujanja: ama aende dukani, ama awasikilize wenzake wakisimulia.

Muuzaji anapomwuliza mteja, "Unataka giga ngapi?", husikika kana kwamba jibu liko mikononi mwa mteja. Historia inaonyesha vingine. Tangu mtu wa kawaida alipoanza kuweza kujiongezea kumbukumbu kwenye kompyuta yake, ukubwa, kasi na hata idadi ya vijiti vya RAM anavyochomeka vimekuwa vikiamuliwa kwa sehemu kubwa na viwanda, mikataba ya serikali, mahakama na, mara mojamoja, moto. Wachezaji wa gemu na wahariri wa video wameonja hilo kuliko wengine, kwa kuwa wao ndio huishiwa mapema.

Kumbukumbu za mwanzo hazikuuzwa dukani. Juni 21, 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliwasha mashine iliyotunza programu yake ndani ya tyubu ya kioo, jamaa ya zile za televisheni za zamani. Uwezo wake wote ulikuwa maneno 32 ya biti 32 kila moja, yaani baiti 128. Ujumbe mfupi wa simu uliojaa herufi zake 160 usingeenea humo.

Mwaka 1953 kundi la Jay Forrester pale MIT liliipa kompyuta ya Whirlwind kumbukumbu ya namna nyingine: vipete vidogo vya feriti vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, kila kipete kikishika biti moja. Mtindo huo ulitawala kwa takriban miaka ishirini, na waliotunga wengi walikuwa wanawake wenye macho makali na vidole vyepesi. Katika kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts, walisuka hata programu za kompyuta ya Apollo, wakipitisha waya ndani ya kipete palipotakiwa moja na kando yake palipotakiwa sifuri. Kosa likigundulika baada ya hapo, halikufutwa kwa kitufe, lilifumuliwa. Kompyuta hiyo, iliyowafikisha watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na nafasi ya maneno 2,048 tu ya kuandika na kufuta.

Aliyegeuza mambo alikuwa Robert Dennard, mhandisi wa IBM. Mwaka 1966, baada ya kuwasikiliza wenzake wakieleza mradi wao wa kumbukumbu ya sumaku, alirudi kwenye kumbukumbu ya transista, iliyokuwa ikila transista kadhaa kwa kila biti, na kujiuliza kwa nini zisipunguzwe. Akafika kwenye transista moja na kapasita moja. Kapasita ikiwa na chaji, hiyo ni moja. Ikiwa tupu, ni sifuri. Ubaya wake ni kwamba chaji huvuja, hivyo kompyuta hulazimika kuisoma na kuijaza upya bila kukoma. Kwenye RAM za aina ya DDR4 kila safu hujazwa upya ndani ya milisekunde 64, kutwa kucha, hata mtumiaji akiwa ameinuka kwenda kunywa chai. Mhariri wa video aliyewahi kukatikiwa na umeme kabla ya kuhifadhi kazi yake anaijua kasoro hiyo vizuri, hata kama jina la Dennard hajawahi kulisikia.

Hataza ya Dennard ilitolewa Juni 1968. Mwezi uliofuata Robert Noyce na Gordon Moore walianzisha Intel, kampuni ambayo wengi leo hawakumbuki kwamba biashara yake ya kwanza ilikuwa kumbukumbu. Chipu yao ya 1103, ya Oktoba 1970, ilibeba biti 1,024, na kufikia 1972 hakukuwa na chipu iliyouzwa zaidi yake duniani. Vipete vya feriti vilianza kuaga.

Kwa mnunuzi wa nyumbani, simulizi inaanzia kwenye kisanduku cheusi kilichokuwa hakitulii. Machi 1981 kampuni ya Clive Sinclair ya Cambridge ilitoa ZX81, kompyuta ya pauni 49.95 kwa aliyekuwa tayari kuiunganisha mwenyewe, na pauni 69.95 kwa aliyetaka iliyokamilika. RAM yake ilikuwa kilobaiti 1. Nyongeza ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 49.95, bei ileile ya kompyuta nzima ya kujiunganishia. Kisanduku hicho kilichomekwa nyuma, kwenye ukingo wa bodi, bila skrubu wala kishikizo. Mtu akibonyeza kibodi kwa nguvu kidogo, kisanduku kinacheza, mguso unakatika, na kazi ya jioni nzima inayeyuka kwenye skrini. Watu walikibana kwa gundi ya mabango, kwa utepe, kwa vipande vya kadibodi. Na bado walikinunua. Mchezo wa 3D Monster Maze, ambamo mchezaji hukimbizwa na dinosau katika vichochoro visivyo na mwisho, haukujua kilobaiti 1 ni nini, ulidai 16.

Ofisini kilichowasukuma watu kilikuwa kingine. Kompyuta ya IBM PC ilitoka Agosti 1981, na ya bei ya chini kabisa ilikuwa na kilobaiti 16. Prosesa yake, Intel 8088, iliweza kufikia megabaiti 1 na isizidi hapo, na IBM ilitenga sehemu ya juu ya eneo hilo kwa ajili ya skrini na vifaa vingine. Programu zikaachiwa kilobaiti 640. Kuna kauli maarufu inayodai kwamba Bill Gates alisema kiasi hicho kingemtosha kila mtu. Mwenyewe ameikana mara nyingi. Hakuwa na haja ya kuisema, maana jedwali la Lotus 1-2-3 lilipoanza kuuzwa mwaka 1983 wahasibu walizimaliza kilobaiti hizo wao wenyewe.

Hapo ndipo biashara ya nyongeza ilipopata matajiri wake wa kwanza. Safi Qureshey kutoka Pakistan, pamoja na Albert Wong na Tom Yuen kutoka Hong Kong, walikuwa wameanzisha kampuni ya AST huko Irvine, California, mwaka 1980. Kadi yao ya SixPakPlus ilimpa mwenye IBM PC hadi kilobaiti 384 za ziada, saa isiyosahau tarehe, na matundu ya kuunganishia printa na modemu. Kadi moja, tundu moja, shida kadhaa zimeondoka. Mwaka 1985 Lotus, Intel na Microsoft zilikaa pamoja zikaweka utaratibu wa kuchungulia kumbukumbu iliyo nje ya ule mpaka wa 640 kipande kwa kipande. Ulikuwa utaratibu wa kuunga-unga, na ulidumu kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Wakati maduka ya California yakijaza kadi, viwanda vya chipu vilikuwa vitani. NEC, Hitachi, Toshiba, Fujitsu na Mitsubishi zilikuwa zimejipanga, kwa msaada wa serikali yao, tangu miaka ya 1970, na katikati ya miaka ya 1980 RAM za Japani zilikuwa nafuu na zenye hitilafu chache kiasi kwamba kampuni za Marekani zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1985 Intel yenyewe ilijitoa. Andy Grove, aliyeiongoza Intel pamoja na Moore, alieleza katika kitabu chake kwamba alimwuliza Moore kiongozi mpya angefanya nini iwapo wao wawili wangefukuzwa, na Moore akajibu kwamba angeachana na kumbukumbu. Basi wakaamua kufanya hivyo wenyewe kabla hawajafukuzwa. Miongoni mwa waliobakia kwa ukaidi ni Micron, kampuni iliyoanzia mwaka 1978 katika chumba cha chini cha kliniki ya meno mjini Boise, Idaho, na kuokolewa na fedha za J. R. Simplot, bwana aliyetajirika kwa kuiuzia McDonald's viazi vya kukaanga. Inawezekana hakuna tasnia nyingine ya teknolojia iliyowahi kushikiliwa na mkulima wa viazi.

Mwaka 1986 Marekani na Japani zilitia saini mkataba wa chipu, uliokusudiwa kukomesha uuzaji wa bei ya kutupa. Bei zikapanda. Kufikia 1988 RAM ilikuwa adimu kiasi kwamba Apple ilipandisha bei za Macintosh mwezi Septemba. Mkataba wa wanasiasa ulikuwa umefika hadi kwenye pochi ya mwanafunzi wa uchoraji aliyetaka Mac.

Katika dhiki hiyohiyo ndipo ilipozaliwa kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye vijiti vingi vya RAM vinavyopita mikononi mwa mafundi hadi leo. John Tu na David Sun walikuwa wameiuzia AST kampuni yao ya awali mwaka 1986, kwa dola milioni 6. Oktoba 17, 1987 wakaanzisha Kingston huko Fountain Valley, California. Siku mbili baadaye soko la hisa la New York likaporomoka, na akiba zao zikaporomoka nalo. Walichokuwa nacho ni wazo. Vijiti vya wakati huo vilihitaji chipu za kubandikwa juu ya bodi, na hizo ndizo zilizokuwa hazipatikani. Wao wakabuni kijiti kilichotumia chipu za mtindo wa zamani, zenye miguu mirefu ya kupenyezwa kwenye matundu, ambazo hakuna aliyezigombania. Mwaka 1996 Softbank ya Japani ilinunua asilimia 80 ya Kingston kwa dola bilioni 1.5, na Tu na Sun wakatenga dola milioni 100 za mauzo hayo kwa wafanyakazi wao. Miaka mitatu baadaye waliirudisha kampuni mikononi mwao kwa dola milioni 450, kwa kuwa bei ya RAM ilikuwa imeanguka katikati ya safari.

Kijiti chenyewe kilikuwa uvumbuzi wa Wang Laboratories mwaka 1983. Kabla yake, aliyetaka kuongeza kumbukumbu alichomeka chipu mojamoja, akiomba mguu usipinde. Kijiti cha pini 30 kilikuwa kipande chembamba kisichozidi urefu wa kidole. Fundi alikiingiza kwenye soketi kikiwa kimeinama, akakisukuma kisimame hadi vibanio viwili vya pembeni viseme "ka". Vibanio vya plastiki vilivunjika kirahisi, na kikivunjika kimoja soketi nzima ilikuwa si ya kuaminika tena.

Lakini hesabu ndiyo iliyowatoa watu jasho. Kijiti cha pini 30 kilitoa biti 8 kwa mkupuo, na prosesa ya 386DX au 486 ilitaka 32. Kwa hiyo vilinunuliwa vinne vinne, vya ukubwa na kasi inayolingana. Aliyekuwa amejaza soketi zake zote nane kwa vijiti vya megabaiti 1 hakuweza kuongeza chochote bila kung'oa vinne na kununua vingine vikubwa. Vile vilivyong'olewa viliishia kwenye droo. Vijiti vya pini 72 vikapunguza shida, kimoja kikitosha kwa 486, kisha Pentium ikaja na biti zake 64 na kudai viwili.

Wajanja nao hawakulala. Kompyuta nyingi za enzi hizo zilitaka kijiti chenye chipu ya ziada ya kukagua makosa, yaani tisa badala ya nane. Chipu hiyo iligharimu, kwa hiyo baadhi ya watengenezaji waliweka mahali pake kichipu cha bei ya chini kilichojibu "hakuna kosa" kila kompyuta ilipouliza. Kwa macho kijiti kilikuwa kamili. Kazi yake ilikuwa kudanganya, na iliifanya bila kuchoka.

Doom ilivunja ukuta wa kilobaiti 640 kwa kutumia programu saidizi ya DOS/4GW, na hilo lilikuwa faraja kubwa kuliko wanavyoelewa vijana wa leo. Kabla yake mchezaji alilazimika kuandaa diski ya pekee ya kuwashia kompyuta, akihariri mistari ya kuanzisha mfumo ili kukomboa kilobaiti chache: leo kipanya kinaachwa nje, kesho sauti. Mchezo wa Ultima VII, wa mwaka 1992, ulikuja na meneja wake wa kumbukumbu ambaye hakuelewana kabisa na yule wa kawaida wa mfumo wa DOS. Vijana wengi walijifunza ufundi wa kompyuta kwa kutafuta njia ya kucheza gemu.

Kisha Agosti 24, 1995 ikaja Windows 95. Kwenye boksi iliandikwa megabaiti 4. Microsoft ilipendekeza 8. Aliyejaribu na 4 alijua kwa nini. Megabaiti moja iliuzwa zaidi ya dola 30. Katika pengo hilo kati ya mahitaji na mfuko ikaingia SoftRAM95, programu ya kampuni ya Syncronys iliyoahidi kuongeza RAM maradufu bila kufungua kompyuta. Zaidi ya nakala 600,000 ziliuzwa. Wataalamu waliotazama ndani yake, akiwamo Mark Russinovich, walikuta kwamba ule ufinyazaji wa kumbukumbu uliotangazwa haukuwepo, na kipimo kwenye skrini kilichoonyesha RAM ikiongezeka kilikuwa mapambo. Tume ya biashara ya Marekani iliingilia kati mwaka 1996. Mwaka huohuo viwanda vilivyokuwa vimepanuliwa kwa matarajio ya Windows 95 vilimwaga bidhaa sokoni, na kufikia mwisho wa mwaka megabaiti ilipatikana kwa chini ya dola 10. Aliyengoja alishinda, lakini hakuna aliyeweza kujua kwamba angoje.

Upande wa video simulizi ina mwendo wake. Mwaka 1990 NewTek ya Kansas ilitoa Video Toaster, kadi iliyogeuza kompyuta ya Amiga kuwa studio ndogo ya televisheni kwa sehemu tu ya bei ya mitambo ya kawaida. Ron Thornton na wenzake walitumia Amiga zenye kadi hiyo kuchora vyombo vya anga vya tamthilia ya televisheni ya Babylon 5 mwaka 1993. Januari mwaka huohuo ilitoka programu ya video ya After Effects, na kwa vizazi vingi vya programu hiyo urefu wa kipande ambacho mhariri angeweza kukitazama kikienda kwa kasi yake halisi ulitegemea jambo moja, nalo ni RAM aliyokuwa nayo.

Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Picha moja ya video ya 1920 kwa 1080, ikitengewa baiti 4 kwa kila nukta, hula baiti milioni 8.3. Sekunde moja ya picha 25 ni zaidi ya megabaiti 200. Kwa 4K zidisha mara nne: sekunde moja inakaribia megabaiti 830. Mpiga picha wa harusi anayepanga tabaka tatu za video, rangi na maandishi juu ya kipande cha dakika mbili anaomba kitu ambacho mchezaji wa gemu hajawahi kukiomba. Ndiyo maana wawili hawa, ingawa hununua kwenye duka moja, wana mahitaji tofauti. Mchezaji hunufaika na RAM inayojibu upesi, na ikifika kiasi ambacho gemu linahitaji, ziada hukaa bure. Mhariri hunufaika na wingi, na ziada haikai bure.

Wingi huo ulikuwa na dari yake. Windows ya kawaida ya biti 32 haikuvuka gigabaiti 4, na kiutendaji mtumiaji aliona kama 3 na ushee. Adobe ilipotoa Premiere Pro CS5 mwaka 2010 kwa mifumo ya biti 64 pekee, wahariri wengi walijikuta wakibadilisha kila kitu, kuanzia Windows hadi mazabodi, ili waweze kutumia vijiti ambavyo tayari vilikuwa nafuu.

Miaka kumi kabla yake Intel ilikuwa imejaribu kuwachagulia watu aina ya RAM, na jaribio hilo linastahili kukumbukwa. Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000, mazabodi zake zilikubali RDRAM tu, kumbukumbu iliyobuniwa na kampuni ya Rambus. Ilikuwa ghali, ilipata joto, na ilitakiwa iwe jozi. Zaidi ya hapo, soketi isiyo na kijiti haikuruhusiwa kubaki wazi; mnunuzi alipaswa kuchomeka kijiti bubu kisicho na chipu hata moja, kazi yake ikiwa ni kupitisha umeme tu. Intel iliweka hadi vijiti viwili vya megabaiti 64 ndani ya maboksi ya prosesa ili kuwatuliza wanunuzi. Haikusaidia. DDR, iliyokubaliwa na kampuni nyingi kupitia chombo cha viwango cha JEDEC, ilikuwa nafuu na ya kutosha, na ndani ya miaka michache Intel ilikuwa imerudi upande huo.

Na waliokimbilia DDR hawakuwa salama kwa bei. Kati ya 1999 na 2002 watengenezaji wakubwa walikuwa wakipanga bei pamoja gizani, na waliolipishwa ni kampuni za kompyuta kama Dell na Apple, ambazo nazo zina namna yake ya kumfikishia mteja gharama. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwatoza faini: Infineon dola milioni 160 mwaka 2004, Hynix milioni 185 na Samsung milioni 300 mwaka 2005, Elpida milioni 84 mwaka 2006. Micron iliepuka faini kwa kushirikiana na wachunguzi. Mabosi kadhaa walifungwa. Kisha soko lenyewe likapukutika: Qimonda ya Ujerumani ilifilisika Januari 2009, Elpida ya Japani ikafuata Februari 2012 na kumezwa na Micron. Zikabaki Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron, zikishika zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya dunia.

Siku hizi kompyuta hubana uchaguzi kwa njia nyingine. Kwenye laptopu nyembamba RAM imeunganishwa moja kwa moja na bodi. MacBook Pro ya Retina ya Juni 2012 ilikuwa hivyo, na tangu chipu ya M1 ya Novemba 2020 Apple imeipachika kumbukumbu pembeni kabisa ya prosesa. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Ni sababu mojawapo inayozipa heshima zile Latitude, EliteBook na ThinkPad za ofisi za Ulaya zinazouzwa mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi: nyingi bado zina kifuniko kinachofunguka kwa skrubu chache na soketi ya pili inayosubiri.

Kwenye kompyuta za mezani mtego umejificha kwenye idadi. AMD ilipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022, yenye DDR5, iliahidi rasmi kasi ya 5200 kwa vijiti viwili. Vikiwa vinne ahadi ilishuka hadi 3600. Kwa hiyo aliyenunua viwili vya gigabaiti 16 akisema ataongeza viwili vingine mambo yakimnyookea, siku ya kuongeza alipata wingi na huenda akapoteza kasi. Mhariri hakujali sana. Mchezaji alijali. Busara ya zamani ya kununua kidogo kidogo, iliyofanya kazi kwa miaka mingi, ilikuwa imegeuka hasara, na maelezo yake yalikuwa kwenye jedwali la vipimo ambalo wanunuzi wachache hulisoma.

Lililofuata wachezaji wenyewe walilianzisha bila kujua. Juni 2015 AMD ilitoa kadi ya michoro ya Radeon R9 Fury X, ya kwanza kutumia HBM, kumbukumbu ambayo SK Hynix iliitengeneza kwa kupanga tabaka za chipu wima. Gigabaiti 4 kwa kadi, kwa ajili ya gemu. Teknolojia hiyo haikushika sana kwa wachezaji, lakini ilikuja kuwa roho ya mitambo ya akili unde. Micron imeeleza kwamba kiasi kilekile cha biti kikitengenezwa kama HBM hula karibu mara tatu ya silikoni inayotumika kwa DDR5. Vituo vya data vilipoanza kununua kwa mabilioni, kampuni tatu zilizobaki hazikuwa na sababu ya kumpendelea anayetaka vijiti viwili vya kompyuta ya nyumbani, na kuelekea mwisho wa 2025 bei za DDR5 madukani zilipanda kwa kasi.

Desemba 3, 2025 Micron ilitangaza kwamba inaifunga biashara ya Crucial, chapa iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wanaojiongezea RAM wenyewe. Ilisema usafirishaji ungeendelea hadi mwisho wa Februari 2026, na kwamba dhamana za vijiti vilivyokwisha kuuzwa zingeheshimiwa.